Mche wa Nguzo ya Tano

Tangu alfajiri Manong Cleto, yaani Kaka Cleto kwa lugha yetu ya Negros, alikuwa hatulii. Alikwenda chooni mara tatu, akanywa vikombe viwili vya kahawa, akavaa shati, akalivua, akavaa jingine, na saa moja asubuhi ilimkuta kwenye jengo jipya la shule akizizunguka nguzo zake nane kama kuku anayetaka kutaga. Mtu mzima wa miaka sitini na moja, mnyapara wa zege kwa miaka thelathini na minne, leo alikuwa anaogopa keekee.

Keekee yenyewe si ile ya kutobolea mbao. Iliyokuwa inakuja kutoka mjini Bacolod ilikuwa na bomba la chuma lenye meno ya almasi, pana kama mdomo wa glasi. Hufungwa ubavuni mwa nguzo, ikala taratibu, mpaka ikatoa mche wa zege mfano wa mche wa sabuni. Mche huo hupelekwa maabara na kubanwa mpaka upasuke, na namba inayosomwa pale unapopasuka ndiyo heshima ya fundi au aibu yake. Hapa ilitakiwa namba ishirini na moja. Ikipungua sana, nguzo inavunjwa.

"Manong, kaa chini basi," alisema Islaw, fundi mwashi mwenye maneno mengi kuliko matofali. "Ukizunguka hivyo Injinia atadhani umezika mtu humo ndani."

"Ningekuwa nazunguka hapa kama wewe usingemwaga sampuli mferejini?"

"Sikumwaga mimi. Nyati ndiye alinimwaga."

Mafundi wakacheka, na Islaw naye akacheka, maana hadithi hiyo ilishakuwa ya kijiji kizima. Siku ile ya Aprili walipomwaga zege la nguzo zote nane, walijaza mikebe sita kama ilivyo desturi, ili likishakauka lipelekwe maabara. Islaw akaipakia kwenye traisikeli, akamkwepa nyati wa kulimia aliyesimama katikati ya barabara akitafakari mambo yake, na mikebe yote ikaishia mferejini. Kwa hiyo hapakuwa na karatasi yoyote ya kusema kama nguzo zile ni zege au ni uji. Ofisi ya mji ikaandika barua: hakuna kumwaga sakafu ya juu mpaka nguzo tatu zitobolewe na kupimwa.

Na sakafu ya juu ndiyo iliyokuwa ikisubiriwa na kijiji kizima cha Dalayapan. Chini madarasa, juu ukumbi mkubwa wa kukimbilia tufani. Tufani ya mwisho watu walijibanza siku mbili kanisani, mabati yanang'oka moja moja juu ya vichwa vyao, na tangu hapo hakuna mama kijijini asiyeuliza ukumbi utakwisha lini.

Lakini kilichokuwa kinamtafuna Manong Cleto hakikuwa nyati wa Islaw. Ilikuwa nguzo ya tano.

Siku ile ya kumwaga, saa tano asubuhi, maji ya bomba yalikatika. Nguzo nne zilikuwa zimejaa, na zege halisubiri mtu. Manong Cleto akampigia simu Wensi, mdogo wake wa tumbo moja, dereva wa boza, lori la tangi la kiwanda cha sukari. Saa moja haikuisha, Wensi akaingia na boza limejaa maji ya mto, anapiga honi kama bwana harusi.

"Nimelisuuza mara mbili, Manong," alisema akiruka chini.

Wakajaza pipa, wakachanganya, wakamwaga nguzo ya tano. Kisha bomba likarudi, na mafundi, wavivu wa kubeba ndoo, wakarudi bombani. Hakuna aliyefikiri lolote. Lile boza tangu Novemba lilikuwa halibebi kitu isipokuwa molasi, ule urojo mweusi wa sukari ya miwa, kutoka kiwandani kwenda kwenye mitambo ya kileo, safari tatu kwa siku. Mtu wa nchi nyingine angeliangalia mara mbili. Lakini huku Negros tumezaliwa ndani ya molasi. Tunaimwaga barabarani ili vumbi litulie, tunawapa nyati, harufu yake imo kwenye mashuka yetu. Nani anayeona kitu anachokinusa kila siku?

Walioona ni sisimizi. Kesho yake asubuhi Manong Cleto aliwakuta wamepanga mstari mnene, wanapanda lile pipa na kushuka ndani. Akachovya kidole kwenye tope la chini, akalamba. Utamu ulimfika mpaka kwenye visigino.

Fundi wa zege hafundishwi mara mbili kwamba sukari na simenti hazikai nyumba moja. Ikizidi, zege haligandi, linabaki mchanga mtupu uliovaa umbo la nguzo. Ikiwa kidogo, linachelewa tu. Lakini kidogo ni kiasi gani? Nguzo saba zilishakuwa ngumu siku ya pili. Ya tano, siku ya pili, bado ilikuwa inapokea ukucha. Mafundi wakafanya mzaha kwamba jogoo waliyemchinja kumwaga damu msingini, kama ilivyo desturi ya kuanza jengo, alikuwa na kikohozi. Manong Cleto akacheka nao, akaagiza mbao za nguzo hiyo zisifunguliwe kwa siku sita, eti upande ule una jua kali.

Zilipofunguliwa, nguzo ilisimama. Aliikwaruza kwa msumari, ikakwaruzika. Akazikwaruza nyingine, nazo zikakwaruzika. Kuna siku aliona yake ni laini zaidi, kuna siku aliona ni sawa, mpaka akaacha kuyaamini macho yake. Ndipo akafanya jambo ambalo alikuwa anaona haya hata kulikumbuka. Jumapili moja, watu wote wakiwa misani, alichanganya plasta nzuri peke yake na kuipaka nguzo ya tano kuanzia chini mpaka juu, akailainisha ikawa kama shavu la bibi harusi. Akamwambia Wensi tu. Wawili hao ndio waliojua.

*

Gari la maabara lilifika saa mbili. Aliyeshuka alikuwa Injinia Maridel Gumban, mwanamke mwembamba wa umri wa binti yake wa mwisho, buti zake zimetapakaa zege la maeneo kumi. Fundi wa mashine, Peping, akaanza kushusha mabomba.

"Habari za asubuhi, Manong. Zote nane zilimwagwa siku moja?"

"Siku moja, Injinia."

Akapita nguzo moja baada ya nyingine na kifaa cha kutafutia nondo, akichora kwa chaki. Alipofika ya tano akasimama, akapitisha kiganja juu ya plasta.

"Hii mmeshaipamba? Haraka ya nini?"

Manong Cleto alionyesha rundo la mchanga kando. "Tulikuwa tunajaribu mchanga mpya, Injinia. Kuona kama unashika."

"Umeshika vizuri," alisema, akapita. Plasta humsumbua mtu wa kupima, na nguzo saba tupu zilikuwa mbele yake. Akaweka alama ya kwanza, ya nne na ya saba.

Manong Cleto alipaswa kushusha pumzi. Badala yake ilimpanda. Alikaa juu ya mfuko wa simenti, akainuka, akaenda kuangalia bomba la maji ambalo halikuwa na tatizo lolote, akarudi.

Peping aliikaza mashine kwenye nguzo ya kwanza, akafungua maji, na keekee ikaanza kulia. Uji wa kijivu ukatiririka chini. Dakika ishirini na kitu zilipita, mafundi wote wamekaa mkao wa watazamaji wa jogoo wa kupiganishwa. Kisha kelele ikabadilika, Peping akachomoa bomba, na mche ukateleza mikononi mwa Injinia, mzima, kokoto zimepangika ndani yake vizuri. Akaugonga kwa nyundo ndogo. Ukalia kama chungu kisicho na ufa.

"Sikia hiyo!" Islaw alipiga kelele. "Hiyo ni sauti ya kazi yangu!"

"Wewe siku ile ulikuwa unanunua sigara," mtu akamjibu.

Ya nne ikalia vile vile. Ya saba ikalia vile vile. Ilipokaribia saa sita miche mitatu ilikuwa imefungwa kwenye mifuko ya plastiki, imeandikwa namba na tarehe, na Islaw alikuwa anacheza na ndoo kichwani. Mafundi walimpiga Manong Cleto mgongoni. Akatabasamu kwa meno tu. Alijiona mwizi.

Boza la kiwanda likaingia uwanjani na kuegesha kando ya ua. Wensi hakushuka. Alitoa kichwa dirishani, na kaka yake akamwendea upande wa pili wa lori, mahali wasipoweza kusikika.

"Wamemaliza?"

"Wamemaliza tatu."

"Na ile?"

"Hawajaigusa."

Wensi akafunga macho, akajifanyia ishara ya msalaba. "Salamu Maria. Basi Manong, yamekwisha. Nenda kale, ulale. Uso wako umekuwa kama wa maiti."

"Hayajakwisha, Toto," akajibu, kwa jina la kumwita mdogo wa kiume huku.

"Hayajakwisha vipi? Wamepima, wameridhika, wanakunja mabomba."

"Wamepima zilizo nzima."

Watu wa huku hata tukigombana sauti zetu huimba, na mgeni anayesikiliza kwa mbali hudhani tunabembelezana. Wensi aliteremka, akamshika kaka yake mkono, akasema kwa sauti ile ile laini, "Manong, nisikilize. Lile boza si la mama yetu. Nililitoa getini bila karatasi. Wakijua, Ijumaa hainikuti kazini. Nina watoto wanne. Nani ataniajiri mimi, na darasa langu la sita?"

"Na wanne hao, tufani ikija, watalala wapi?"

"Usiniletee hayo."

"Watalala juu ya nguzo ile, Wensi. Wao na wenzao mia."

"Hujui kama ni mbovu! Wewe mwenyewe ulisema sukari kidogo inachelewesha tu."

"Nilisema labda."

"Basi labda inatosha."

"Labda haishiki ukumbi."

Wensi akamwachia mkono. "Nani alinipigia simu siku ile? Mimi nilikuwa kiwandani, nasubiri mzigo wangu na safari yangu. Nani alinipigia, akasema Toto niokoe?"

"Mimi."

"Nikaja au sikuja?"

"Ulikuja."

"Basi leo niokoe wewe. Huhitaji kufanya kitu. Nyamaza tu."

Aliyesimama mbele ya Manong Cleto ni mtoto ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni shambani kwenye miwa, mama yao akikata. Alimpenda kuliko alivyoipenda heshima yake, hilo alilijua. Kama ingekuwa heshima peke yake angeizika bila kupepesa. Lakini kila alipofumba macho aliona ukumbi umejaa watu wamelala kwenye mikeka, upepo unavuma, na ile nguzo yenye shavu zuri inaanza kuachia. Aligeuka akatembea kuelekea gari la maabara.

*

"Injinia. Toboa na ya tano."

Maridel alikuwa anaandika. Hakuinua kichwa. "Barua inasema tatu, Manong. Tatu ninazo."

"Hii ya ziada unisaidie mimi."

"Nguzo haitobolewi kwa sababu mtu kaota ndoto mbaya. Kila tundu ni kidonda, hata likizibwa. Na nikitoboa lazima niandike kwa nini." Sasa akamtazama. "Kwa nini?"

Islaw alikuwa ameshusha ndoo kichwani.

"Andika maji," alisema Manong Cleto.

"Maji yalikuwaje?"

"Bomba lilikatika. Nguzo hiyo ilichanganywa kwa maji ya boza. Boza lilikuwa linabeba molasi. Siku ya pili bado ilikuwa laini, na plasta ile niliipaka mimi ili isionekane. Mafundi hawajui. Ni mimi."

Mtu fulani nyuma akasema taratibu, "Jesus, Manong."

Injinia aliandika yote. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. "Boza la nani?"

Manong Cleto alifikiri kusema la kukodi, akafikiri kusema sikumbuki. Maridel akasogeza midomo yake, kama tunavyoonyesha kitu huku, kuelekea ua, kuelekea lile lori kubwa lenye jina la kiwanda ubavuni, na dereva wake aliyesimama mlangoni kofia mkononi.

"Lile pale?"

Manong Cleto akainua nyusi, mara moja tu. Kwetu hiyo ni ndiyo.

Wensi aliona. Alivaa kofia yake, akapanda, akaliwasha lori, akaondoka polepole bila honi. Hakutazama nyuma.

Nguzo ya tano ilichukua dakika ishirini na nane. Keekee ilikula plasta upesi, halafu ikaanza kulia, na Manong Cleto alisikiliza kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa: mara akasikia ulaini, mara asisikie. Mche ulitoka mzima. Lakini rangi yake ilikuwa imekoza kuliko mitatu mingine, kama kitambaa kilichomwagikiwa chai.

"Ugonge," aliomba.

Maridel akaugonga. Ulilia, lakini kila mtu alisikia lake. Islaw alisema ni mzima, mwingine akasema ni mfu.

"Sikio si maabara," alisema Injinia akiufunga kwenye plastiki. "Siku tano, Manong. Mpaka hapo usiniulize, na usijiulize."

Kutojiuliza! Angekuwa na uwezo huo asingefika hapo. Siku hizo tano alizimaliza kwa kutembea. Alikwenda shambani akarudi, alikwenda sokoni bila kununua kitu, alianza kutengeneza banda la nguruwe na kuliacha katikati. Alhamisi zikafika habari. Ofisi ya mji iliuliza kiwandani kuhusu boza, kiwanda kikafungua daftari la getini, na Wensi akanyang'anywa funguo na kitambulisho mbele ya madereva wenzake. Manong Cleto alimtumia ujumbe mara nne, haukujibiwa hata mmoja. Ijumaa alikutana na Delfa, mke wa Wensi, kwenye meza za samaki. Delfa aligeuza uso akawatazama samaki mpaka shemeji yake alipopita.

Kilichokuwa kinamtia nguvu ni kimoja, na si kizuri kukisema. Alikuwa anaomba nguzo iwe mbovu. Usiku na mchana alimwomba Mungu kazi yake ipasuke, aibu yake itangazwe Bacolod nzima, ili aweze kwenda kwa mdogo wake na kusema: unaona, Toto, ingewaua wanao.

*

Jumatatu alipanda basi la kwanza. Maridel alimruhusu aingie, avae kofia ya plastiki, asimame nyuma ya kioo. Miche minne ilikuwa mezani, ncha zake zimesawazishwa.

Wa kwanza ulibanwa. Ukapasuka kwenye ishirini na mbili. Wa nguzo ya nne, ishirini na tatu. Wa saba, ishirini na moja na nukta kidogo. Kila mmoja ulipopasuka Manong Cleto alisikia mshituko kwenye meno.

Kisha ule wenye rangi ya chai. Peping aliuweka katikati, akafunga kizuizi, akabonyeza. Namba zikaanza kupanda. Kumi. Kumi na tano. Manong Cleto alikuwa ameshika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili. Kumi na nane, na alijua ni hapo, sasa hivi, sasa. Kumi na tisa. Ishirini na moja ikapita kama kituo ambacho basi halisimami. Ishirini na nne. Ishirini na sita.

Mche ulipasuka kwenye ishirini na saba, kwa mlio mkubwa kuliko mingine yote.

"Nguzo yako bora, Manong," alisema Maridel, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Sukari ilikuwa kidogo mno. Imeichelewesha tu, ikaganda polepole, ikashikana vizuri kuliko hizi zilizokimbia. Hutokea. Ingezidi kikombe kimoja au viwili, tungeongea mengine."

Manong Cleto alicheka. Kicheko kilimtoka chenyewe, kirefu, mpaka Peping naye akaanza kucheka. Kisha akakaa sakafuni, juu ya vumbi la zege la watu wengine, akafunika uso. Ukumbi ulikuwa salama. Watoto mia walikuwa salama. Na Wensi hakuwa na kazi kwa sababu ya nguzo bora kuliko zote.

"Manong? Si ni habari njema?"

"Ni njema, Injinia," alisema. "Nipe karatasi."

*

Nyumba ya Wensi ipo mwisho wa njia ya miwa, imeinuliwa kwa nguzo za mbao, ngazi tano mpaka mlangoni. Saa sita na nusu Manong Cleto alisimama chini ya ngazi, karatasi ya maabara mkononi, jasho linamtoka. Mlango ulikuwa wazi. Familia nzima ilikuwa sakafuni kuzunguka chungu cha mbaazi na mguu wa nguruwe, wali bado unafuka.

"Wensi."

Wensi alimwona. Aliendelea kuchota wali.

"Nimetoka Bacolod."

"Ngapi?" Sauti yake ilikuwa laini kama kawaida.

Manong Cleto angeweza kudanganya. Njia nzima kwenye basi alikuwa amefanya mazoezi ya kudanganya: kumi na nne, Toto, kumi na mbili. Lakini karatasi ilikuwa na muhuri, na kijijini namba hiyo isingefika jioni bila kujulikana.

"Ishirini na saba."

"Na zile nyingine?"

"Ishirini na mbili. Ishirini na tatu. Ishirini na moja."

Delfa aliweka kijiko chini. Wensi alitafuna, akameza, akatikisa kichwa kidogo kama mtu anayepiga hesabu ndogo na kuipata.

"Kwa hiyo maji yangu hayakuwa na neno."

"Hayakuwa na neno."

"Boza nililisuuza mara mbili. Nilikwambia."

"Uliniambia."

"Ungejua hivyo siku ile, ungenyamaza?"

"Nisingejua bila kutoboa, Toto."

"Sikukuuliza hivyo."

Manong Cleto aliitazama karatasi. Namba zake zilikuwa zimeanza kulowana kwa jasho la kidole. "Ningesema," alijibu. "Hata leo ningesema. Na nakuonea uchungu mpaka silali."

Wensi alimwekea mtoto wa kwanza mbaazi, akamwekea wa pili, akajiwekea mwenyewe, wakaanza kula.

Kwetu mtu akipita mbele ya watu wanaokula, lazima aambiwe njoo tule. Huambiwa adui. Huambiwa mgambo aliyekuja na barua, huambiwa mpita njia ambaye jina lake hulijui, hata kama chungu kina tonge moja, na yeye hujibu asante, nimeshiba, akaendelea na safari yake. Maneno hayo hayana gharama, na mtoto huyajua kabla hajajua kuvaa suruali. Mtoto wa pili wa Wensi alimtazama baba yake mkubwa pale chini, akafungua mdomo kuyasema, na mama yake akamgusa goti.

Walikula. Manong Cleto alisikia vijiko na sahani, alisikia Wensi akiomba chumvi. Alikuwa na njaa ya tangu alfajiri na harufu ya mbaazi ilimjaa puani. Alifikiri kuondoka, na akaona wazi kwamba akiondoka sasa hatapata tena sababu ya kurudi kwenye nyumba hii. Basi akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akakaa kwenye ngazi ya chini kabisa na mgongo wake umeelekea mlangoni. Alikaa hapo mpaka chungu kikaisha na Delfa akaanza kuosha vyombo.